Masikio ya Tunguu

Kwa miaka mingi katika usharika wetu hapa Babati, vijana wa kipaimara walifundishwa sentensi moja walipofika kwenye somo la uumbaji. Waliambiwa kwamba Yuri Gagarin, Mrusi aliyekuwa mtu wa kwanza kwenda anga za juu, aliporudi duniani alisema ametazama huku na huku na hakumwona Mungu. Kisha mwalimu alitoa jibu lake la kumkejeli, darasa likacheka, na somo likaendelea. Sisi tunaoandika haya tuliisikia sentensi hiyo tukiwa watoto. Baadhi yetu tuliifundisha sisi wenyewe baadaye, na hatukukumbuka hata kujiuliza tuliipata wapi.

Mwaka juzi binti mmoja wa darasa hilo alinyoosha mkono akauliza, "Alimwambia nani?" Hakuuliza kwa ubishi. Alitaka tu kujua. Mwalimu wake hakuwa na jibu, akalileta swali kwenye kikundi chetu cha kujifunza Neno, kile kinachokutana Alhamisi jioni. Tulidhani tungelimaliza kabla ya chai. Lilituchukua miezi kadhaa, na likatufikisha mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyepatarajia: Unguja, katika kijiji cha Tunguu.

Tuanze na Gagarin mwenyewe. Aliruka tarehe 12 Aprili 1961, akaizunguka dunia mara moja, na safari nzima ilichukua dakika 108. Maneno aliyoyasema kwa redio akiwa juu yalirekodiwa, na yamekwisha kuchapishwa. Anaeleza hali ya chombo, afya yake, na jinsi dunia inavyoonekana. Hakuna mahali anaposema kwamba hakumwona Mungu. Aliyekuwa akiyatumia maneno ya namna hiyo majukwaani ni Nikita Khrushchev, kiongozi wa Chama cha Kikomunisti, ambaye katika miaka hiyohiyo alikuwa akiendesha kampeni ya kufunga makanisa nchini mwake. Na yuko mwanaanga mwingine wa Kirusi aliyeyasema kweli: German Titov, aliyeruka Agosti 1961. Alipotembelea Seattle nchini Marekani mwezi Mei 1962, alisema hakumwona Mungu wala malaika huko juu. Kwa hiyo sentensi ina mwenyewe. Ila tulimvika mtu mwingine, tena mtu aliyekufa katika ajali ya ndege mwaka 1968 na asiyeweza kujitetea.

Tulipofika hapo, mmoja wetu alisema tumalize: tubadilishe jina, tuweke Titov, somo liendelee. Wengi tulikubali kwa haraka. Lakini swali la yule binti lilikuwa limetukaa. Alimwambia nani? Mtu akiwa kilomita mia mbili juu ya ardhi, nani anamsikia? Tulipolifuata hilo ndipo tulipokutana na Tunguu.

Mawimbi ya redio ya aina waliyoitumia huenda kwa mstari ulionyooka, na dunia ni duara. Chombo kinachozunguka dunia kwa mwendo wa karibu kilomita 28,000 kwa saa huchomoza upande mmoja wa upeo na kuzama upande mwingine baada ya dakika chache. Ukimsikiliza mwanaanga ukiwa mahali pamoja tu, utampoteza kabla hujamaliza salamu. Kwa hiyo Wamarekani, walipoandaa mpango wao wa kwanza wa kupeleka watu angani, ulioitwa Mercury, walijenga mnyororo wa vituo 18 kuizunguka dunia, viwili kati ya hivyo vikiwa juu ya meli. Kutoka Florida mtu angepokewa na Bermuda, na meli ya Atlantiki, na visiwa vya Kanari, kisha Kano huko Nigeria. Baada ya Kano ilikuwa zamu ya Unguja. Unguja ingemkabidhi kwa meli iliyokuwa katika Bahari ya Hindi, na meli kwa Muchea, Australia. Kila kituo kilipewa dakika zake chache: kusikia sauti, kupokea vipimo vya mapigo ya moyo na vya chombo, kujibu, na kumwachia wa mbele yake. Mbiu ya msiba husafiri hivyohivyo kutoka kilima hadi kilima, na aliyeisikia haulizi aliyeianzisha alikuwa nani.

Makubaliano ya kujenga kituo cha Unguja yalitiwa saini Oktoba 1960. Waliotia saini ni serikali ya Marekani na serikali ya Uingereza, kwa kuwa visiwa vilikuwa bado chini ya ulinzi wa Waingereza, Sultani akiwa kwenye kiti chake. Wenyeji wengi walihofu. Chama cha ZNP, ambacho watu walikiita Hizbu, kilipinga waziwazi, yakawapo maandamano. Watu walisema kituo hicho ni cha makombora, na kwamba vita ikizuka kati ya wakubwa, Unguja italengwa.

Ni rahisi leo kuwacheka watu hao. Sisi tulicheka kidogo, tukijua kwamba kituo chenyewe kilikuwa antena, mitambo ya redio na meza za watu wenye vipokea sauti masikioni. Kicheko kilituisha tulipokuta jambo lililotokea mwezi Mei wa mwaka huohuo wa 1960. Ndege ya Marekani aina ya U-2 ilitunguliwa ikiipeleleza Urusi. Serikali ya Marekani, ikidhani rubani amekufa, ilitangaza kwamba ilikuwa ndege ya kuchunguza hali ya hewa, na tangazo hilo lilitoka kwa jina la NASA, shirika lilelile la anga ambalo miezi mitano baadaye lingepewa ardhi Unguja. Rubani alikuwa hai, mikononi mwa Warusi. Siku chache baadaye Rais Eisenhower alikiri kwamba ulikuwa ni upelelezi. Sasa mtu wa Unguja aliyesoma habari hiyo gazetini, akaambiwa kwamba shirika hilohilo linakuja kwake kwa ajili ya sayansi tu, aamini kwa msingi gani? Kituo kilikuwa kweli cha kusikiliza wanaanga. Lakini ukweli ulikuwa umekuja ukiwa na jina lililokwisha kutumika kusema uongo.

Katika mafundisho ya Katekisimu amri ya nane tumezoea kuieleza kwa habari ya umbea wa majirani. Hatukuwahi kuifikiria kwa namna hii, kwamba uongo mmoja huharibu hata maneno ya kweli yatakayofuata.

Siku ya Jumanne, tarehe 20 Februari 1962, John Glenn aliruka. Kwa saa zetu ilikuwa saa 11:47 jioni roketi ilipoondoka Florida, ambako ilikuwa bado asubuhi. Baada ya nusu saa hivi alikuwa amekwisha kuivuka Afrika kutoka magharibi hadi mashariki na Unguja ilikuwa inamsikia. Yaani ilikuwa kama saa kumi na mbili na robo jioni. Tanganyika ilikuwa na wiki kumi tu za uhuru. Unguja ilikuwa katikati ya mwezi wa Ramadhani, na watu walikuwa wakisubiri jua lizame wafuturu.

Tulichukua ramani ya Afrika ya watoto wa shule, tukaweka rula kati ya Kano na Unguja, tukavuta mstari kwa penseli. Unapita karibu kabisa na Babati. Kwa njia ambazo vyombo hivyo vilifuata, hatuwezi kusema kwamba alipita juu ya Mlima Kwaraa wenyewe, wala haina maana kushindania kilomita. Lakini tulinyamaza tulipouona mstari ule. Mzee mmoja wa kikundi chetu mwaka huo alikuwa kijana, akichunga ng'ombe pande za Bonga. Saa hiyo, alisema, alikuwa anawarudisha zizini. Babati ilikuwa mji mdogo wa barabarani chini ya Wilaya ya Mbulu. Mkoa wa Manyara haukuwapo hata katika ndoto. Hakusikia kitu. Hakuna aliyemwambia kitu.

Akiwa upande wetu huu wa dunia Glenn alifanya jaribio dogo lililowahangaisha madaktari: alivuta kamba ya mpira kwa nusu dakika ili wajue moyo wa mtu unavyofanya kazi pasipo uzito. Mapigo yalipanda kutoka 80 hadi 124 kwa dakika, kisha yakarudi. Muda mfupi baadaye, juu ya Bahari ya Hindi, aliliona jua likizama, machweo yake ya kwanza kati ya matatu aliyoyaona akiwa angani. Machweo hayo, kwa kukadiria tu, ndiyo yaliyokaribia kuwafikia waliofunga pale chini.

Liko jambo lingine katika safari hiyo ambalo lilitugusa kuliko hayo. Glenn alipoanza mzunguko wa pili, mitambo ya ardhini ilipokea ishara kwamba ngao ya joto ya chombo chake imelegea. Ngao hiyo ikitoka, mtu anaungua wakati wa kurudi. Waliokuwa ardhini walijua; yeye hakuambiwa. Vituo vilivyokuwa njiani viliagizwa kumwuliza maswali ya mzungukomzunguko kuhusu swichi fulani, bila kueleza kwa nini. Akaanza kushuku. Mwishoni kabisa, alipokuwa anajiandaa kuingia hewani, ndipo alipoelezwa waziwazi. Walimwagiza asikitupe kifurushi cha roketi ndogo kilichofungwa juu ya ngao, ili mikanda yake isaidie kuishikilia. Kilipokuwa kinaungua, aliona vipande vya moto vikipita dirishani, asijue kama ni kifurushi au ni ngao yenyewe. Alitua salama baharini baada ya saa 4 na dakika 55. Ikaja kuonekana kwamba ngao ilikuwa imara muda wote; kilichokuwa kibovu ni kifaa kilichotoa ishara. Baadaye Glenn alisema wazi kwamba rubani anapaswa kuambiwa.

Tulibishana sana juu ya jambo hili. Wauguzi wawili wa kikundi chetu walikuwa upande wa Glenn mara moja, kwa kuwa wameona wagonjwa wakifichwa majibu yao na ndugu wenye upendo, na wameona macho ya mgonjwa anayejua kwamba anafichwa. Wengine walisema mtu akiwa peke yake kule juu, habari mbaya isiyo na hakika ingemsaidia nini? Hatukufikia mwafaka. Tuliona tu kwamba mnyororo wa masikio ulikuwa mzuri sana wa kusikia na dhaifu wa kusema, na kwamba mtu wa juu na watu wa chini, Glenn ndani ya chombo na mwenyeji wa Tunguu nje ya uzio, walikuwa katika hali moja: wote walikuwa wakikisia yanayojulikana na wengine.

Baada ya Glenn walipita wengine watatu: Carpenter na Schirra mwaka 1962, na Gordon Cooper Mei 1963. Cooper alikaa juu zaidi ya saa 34 na kuizunguka dunia mara 22. Katika mzunguko wa 17, usiku, akiwa katikati ya Bahari ya Hindi, bahari hii yetu, aliomba. Hakuituma sala hiyo kwa kituo chochote. Aliisema kwenye kinasa sauti kilichokuwa chomboni. Alishukuru kwa kuruhusiwa kuruka na kwa mambo ya kustaajabisha aliyoyaona, akaomba msaada kwa kazi iliyo mbele. Ilijulikana kwa sababu aliporudi aliisoma mbele ya Bunge la Marekani. Mwishoni mwa safari yake mitambo ya kujiendesha iliharibika, akakirudisha chombo kwa mkono wake mwenyewe.

Mara moja baadhi yetu walitaka kumweka Cooper katika somo la kipaimara mahali pa Gagarin. Tulikataa, na tunaona tulifanya vema. Sala ya Cooper haimthibitishi Mungu, kama vile maneno ya Titov yasivyomwondoa. Kila mmoja alipanda na moyo aliotoka nao nyumbani. Tena ingekuwa kosa lilelile: kumchukua mtu tusiyemfahamu na kumfanya shahidi wa upande wetu.

Kituo cha Unguja hakikudumu. Visiwa vilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, na Mapinduzi yakatokea tarehe 12 Januari 1964. Wamarekani waliondolewa kwa manowari mara baada ya hapo, na mwezi Aprili serikali ya Mzee Karume ikataka kituo kiondoke. Mwezi huohuo, tarehe 26, ulifanyika Muungano. Kazi ya kuwasikiliza wanaanga upande huu ikahamia Madagaska. Kwa hiyo mitambo ya Tunguu ilifanya kazi yake chini ya serikali ambazo hazikuwa za wenyeji, na wenyeji walipopata kauli, neno lao kuhusu kituo lilikuwa "ondokeni". Hatuandiki haya kuwalaumu. Tunajiuliza tu ingekuwaje kama mwaka 1960 mtu angekaa nao chini ya mwembe, akawaonyesha vile vipokea sauti na kuwaacha wavivae.

Siku hizi juu ya vichwa vyetu kiko kituo cha anga cha kimataifa, ambacho hakijawahi kukosa watu tangu tarehe 2 Novemba 2000. Maneno yao sasa hurushwa kupitia setilaiti zilizo juu zaidi, na hakuna tena haja ya kijiji kusubiri zamu yake. Nasi wa Afrika Mashariki tumefika huko kwa namna ndogo: setilaiti ya kwanza ya Kenya, ya ukubwa wa sentimeta 10 kila upande, iliyoandaliwa na Chuo Kikuu cha Nairobi, ilisukumwa kutoka kituoni hapo mwezi Mei 2018, na ya Uganda ikafuata Desemba 2022.

Kwenye kituo hicho, tarehe 6 Juni 2024, walifika Butch Wilmore na Suni Williams, wakitazamiwa kukaa siku nane hivi. Chombo chao kilionekana kuwa na hitilafu, kikarudishwa kitupu, nao wakakaa siku 286, hadi Machi 2025. Wilmore ni mzee wa kanisa katika usharika wa Kibaptisti huko Texas, na akiwa juu aliendelea kuungana na ibada za kwao kwa mawasiliano. Magazeti ya dunia nzima yaliandika kwamba wametelekezwa. Wao wenyewe, kila walipoulizwa, walikana. Walisema wamejiandaa, wana kazi, hawajaachwa. Na sisi hapa Babati, mwezi Februari mwaka ule, tulihubiriwa Jumapili nzima juu ya wanaanga waliotelekezwa, kama mfano wa mwanadamu aliye mbali na Mungu. Yalikuwa mahubiri mazuri. Sauti za watu wale zilikuwa kwenye simu zetu, kwa dakika chache tu za kusikiliza, na hatukusikiliza.

Hapo ndipo tulipoona kwamba kubadilisha jina la Gagarin kwa la Titov hakutoshi. Tuliandika barua kwa baraza la wazee, tukapendekeza sentensi ile iondolewe katika somo, na darasa lielezwe kwa nini. Baraza lilikubali. Ubishi mdogo ulikuwa ni nani aeleze, maana waliokwisha kufundishwa ni watu wazima sasa, wengine wana watoto kwaya.

Mwinjilisti wetu mstaafu, ambaye aliifundisha sentensi hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini na ndiye aliyewafundisha wengi wetu, alikuwa ameketi nyuma. Hatukuwa tumemtaja. Akanyanyuka kwa fimbo yake akasema, "Nililisema mimi. Nitaliondoa mimi."

Jumapili iliyofuata, baada ya matangazo, aliitwa mbele. Alitaja tarehe 12 Aprili 1961, akalitaja jina la Gagarin polepole ili lisikike, akasema kwamba maneno yale hayakuwa yake, na kwamba yeye mwinjilisti aliyapokea bila kuuliza, akayapitisha. Aliomba msamaha. Kisha akamtafuta yule binti kwa macho, akamwona upande wa vijana, akampungia mkono, akarudi kuketi. Kwaya ikasimama kwa wimbo wa matoleo.